Kawaida ya kusi ama ya kaskazi?

Nyumba ya kwanza kabisa niliyoingia na fomu ya maswali ilikua Majengo, hapa Mombasa, kwa bibi mmoja mtu mzima sana, nimeketi kwenye mkeka na tableti mapajani nimejikaza kama mtu anaejua kazi. Nikamuuliza vile nilivyofunzwa, "Bibi, kwa kawaida wala samaki mara ngapi kwa wiki?" Akanitazama. "Kawaida ya lini mwanangu?" Nikamwambia kawaida tu bibi, ukichukulia mwaka mzima uliopita kwa jumla. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kawaida ya kusi ama ya kaskazi? Msimu wa upepo wa kaskazi bahari imelala, samaki wako tele, nala kila siku mpaka nachoka. Kusi bahari yachafuka, ngalawa hazitoki, huyo samaki mmoja utakaempata bei yake utafikiri ni mbuzi. Sasa nikujibu lipi?"

Tableti ilikua inasubiri nibonyeze kitu kimoja: kila siku, mara tano au sita kwa wiki, mara mbili hadi nne, mara moja, chini ya hapo. Nikabonyeza mara mbili hadi nne, katikati pale, manake ndo jibu lililoonekana haliwezi kumuudhi mtu. Nikatoka nimeridhika. Ilinichukua muda kugundua kwamba yule bibi hajawahi kula samaki mara tatu kwa wiki maisha yake yote, yeye ni wa kila siku au ni wa hakuna kabisa, ile tatu niliizaa mimi.

Nimefanya hii kazi ya kuuliza watu wamekula nini kwa miaka kadhaa sasa, kwa projekti tofauti tofauti, kutoka Mji wa Kale hadi Mtopanga, Likoni, Mikindani kote huko, na watu wakisikia kazi yangu hua wanacheka, ati unalipwa kuuliza mtu alikula nini? Naam nalipwa, na si kazi rahisi hata kidogo, kumuuliza mtu ana umri gani au ana watoto wangapi ni mteremko, lakini chakula ni kitu kinachoingia mdomoni mara kumi kwa siku bila mtu kukitilia maanani alafu wewe uje umuulize akwambie kwa gramu.

Kwanza kwa nini watu wa utafiti wanalazimisha hilo neno kawaida. Sababu yao ni ya maana, siwezi kuwalaumu. Sukari, presha, magonjwa ya moyo, hayaletwi na sahani ya jana, yanaletwa na sahani za miaka. Kwa hivyo wanataka kujua ulaji wa muda mrefu, na wanataka kwa watu wengi sana, manake ukifuata watu mia mbili huenda usipate hata wagonjwa kumi wa kulinganisha. Kule Marekani walianza mwaka 1976 kufuatilia wauguzi zaidi ya laki moja na elfu ishirini, alafu mwaka 1980 kina Walter Willett wa Harvard wakawatumia fomu ya vyakula 61, muuguzi anatia alama mwenyewe kila chakula anakula mara ngapi anairudisha kwa posta. Ulaya nao wakaja na utafiti wao wa chakula na saratani, EPIC, nchi kumi, watu zaidi ya laki tano. Sasa laki tano ya watu utamtuma nani akawakalie jikoni mmoja mmoja? Haiwezekani, ndo fomu ikashinda. Na mwalimu aliyetufunza kazi hii alitwambia jambo ambalo lilinikaa, kwamba fomu ile haikutengenezwa ijue kabisa kwamba wewe wala gramu mia moja na ishirini za nyama, imetengenezwa iwapange watu foleni, wa nyama nyingi huku mbele, wa nyama kidogo kule nyuma, alafu waangalie wa mbele wanaugua zaidi au vipi. Ukikosea gramu lakini foleni ikabaki sawa, bado unaona kitu.

Lakini foleni yenyewe ndo inavurugika ukileta fomu ya kwenu kwetu. Ile ya kwanza tuliyopewa ilikua na mkate slesi mara tatu kwa aina tatu, mweupe, wa brauni na wa tosti, ilhali mahamri hayako. Viazi karai havipo. Mkate wa mofa haupo, kaimati hazipo, muhogo uliandikwa mstari mmoja tu kana kwamba muhogo wa kuchemsha na muhogo wa nazi na ule wa kukaanga wa pale Lighthouse na pilipili na ndimu ni kitu kimoja. Wali pia mstari mmoja. Mimi nikanyoosha mkono kwenye mafunzo nikauliza, wali gani? Supavaiza akasema wali ni wali. Wakina mama wote mle ndani wakaguna kwa pamoja, manake wali mweupe na wali wa nazi na pilau na biriani zina mafuta tofauti mbinguni na ardhi, ukiziweka fungu moja basi mtu wa biriani kila Ijumaa na mtu wa wali mweupe na mchicha wanatoka sawa kwenye kompyuta. Tukabishana siku nzima, fomu ikarekebishwa, ikawa ndefu zaidi, na hapo ukaja ugonjwa mwengine: fomu ikiwa ndefu mtu akifika ukurasa wa nne anajibu chochote umuondokee. Nimeona kwa macho yangu mtu anajibu "mara moja kwa wiki" mfululizo vyakula kumi na nne huku anatazama runinga.

Projekti ya pili ndo ilinipendeza kazi, manake haikuuliza kawaida. Iliuliza jana. Toka ulipoamka jana mpaka ulipoamka leo, umekula nini na umekunywa nini. Unafanya kwa raundi. Kwanza unamwacha mtu aseme mwenyewe haraka haraka bila kumkatiza. Alafu unamkumbusha vile vitu watu husahau, chai, soda, matunda, vya kutafuna tafuna. Alafu saa ngapi na wapi. Alafu ndo unaingia ndani, kilipikwa na nini, kiasi gani, kilibaki? Mwisho unamuuliza tena kama kuna kitu kimesahaulika. Marekani wanatumia mpango wa aina hii wa hatua tano, wanauendesha na kompyuta. Sisi tulikua na tableti na mizani ya jikoni na subira.

Ile raundi ya kukumbusha ndo yenye mambo. Mtu anaapa jana hakula kitu, "sikua na hamu, nilikunywa chai tu". Chai na nini? "Chai na mahamri." Mangapi? "Manne, na mbaazi kidogo." Na baada ya hapo? "Nikalala." Kabla ya kulala? Hapo zinatoka bhajia za jirani, mabuyu ya mtoto aliyomegewa, kahawa tungu barazani na kashata, achari ya embe. Na chai yenyewe ina vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, vikombe vitano kwa siku, lakini chai watu wetu hawaihesabu kama kitu umekula, chai ni salamu.

Kisha likaja suala la sinia. Hapa ndo wageni walioandika zile fomu hawakufikiria kabisa. Nyumba ya watu saba wanakula sinia moja, nimuulize mama wewe ulikula gramu ngapi? Atajuaje? Hata mimi nyumbani kwetu sijui. Mtoto mdogo anakula polepole, kijana wa kiume anakula kama anakimbizwa, mama anakula mwisho huku anamsogezea mtoto nyama upande wake. Kugawa kwa saba ni uongo mtupu. Tulichofanya, tunaomba wali wa siku hiyo au hata unga mkavu, tunamwambia mama tia mkono kama unavyokula, fanya tonge, tunapima tonge, alafu tunamwomba atoe kwenye sinia kiasi anachodhani alikula jana tunapima tena. Kuna njia waliyoipanga watafiti wa lishe kina Rosalind Gibson na Elaine Ferguson kwa nchi kama zetu, ilijaribiwa vijijini Malawi, ambayo unampelekea mtu sahani na bakuli siku moja au mbili kabla ili siku hiyo chake kiwe mbali na cha wengine akione. Inasaidia kweli. Ila na yenyewe ina taabu zake, manake ukishampelekea mama wa Mombasa bakuli ukamwambia kesho andalia humu, umemwambia kesho kuna wageni. Nyumba moja Kibokoni mara ya kwanza tulipoenda bila taarifa jana yao ilikua mkate na maharagwe, tulipopeleka bakuli ilikua kuku wa kupaka. Sikatai labda walikua wapike kuku hata hivyo. Lakini nilimuona yule binti mdogo vile alivyomtazama mamake nikauliza kama hua wanakula hivi.

Mafuta nilidhani ndo yatanishinda, na kumbe ndo yalikua rahisi, na sababu yake inanihuzunisha kidogo. Nyumba zenye uwezo zinanunua jeri la lita tano, ukimuuliza mama ulitia kiasi gani anakuonyesha na mkono, "hivi". Hivi ni ngapi? Lakini mitaa mingine kule Kisauni na Likoni mafuta yananunuliwa ya kupima, mtoto anatumwa na kikombe dukani kila jioni anakwenda kupimiwa ya shilingi kumi au ishirini, na yote yanaingia sufuriani siku hiyo hiyo. Ukienda kwa mwenye duka ukapima ya ishirini ni mililita ngapi unajua mafuta ya ile nyumba kuliko unavyojua ya daktari wa Nyali. Sukari vivyo hivyo. Basi nikawa mteja mkubwa wa maduka nisiyohitaji kitu, nanunua mafuta ya ishirini nayamimina kwenye mizani, wenye maduka wakadhani mimi ni wa serikali nimekuja kukagua vipimo vyao, mmoja alinipimia mpaka yakamwagika.

Wanaume ni kesi yao pekee. Kwanza hawajui kilichopikwa na nini, "mchuzi" ndo jibu lao. Pili wengi wao nusu ya chakula chao kiko nje ya nyumba, na mbele ya mke hawakisemi. Kuna mzee mmoja kule Mtopanga alijibu mbele ya mkewe kwamba mchana alikunywa maji tu. Kaka mmoja wa timu yetu alikua anamsindikiza njiani, mzee akamnong'oneza, mwanangu andika chupa tatu za mnazi, kule mangweni tunakonywea, na muhogo, lakini usiandike ukiwa hapa. Mwengine ni kijana wa mogoka, yale majani ya miraa, jioni yote anatafuna na anashushia soda, ikifika usiku chakula hakipiti, asubuhi mamake anatwambia huyu mwanangu hali kabisa, sijui ana nini. Ukifuata sahani, kweli hali. Lakini soda mbili kubwa na peremende za kutosha ziko mwilini na hazimo kwenye fomu ya mtu yeyote. Tangu hapo tukawa tunaomba kila mtu tumuhoji peke yake, na kwa nyumba zetu hizi za chumba na sebule hilo nalo si jambo dogo, mara ngapi nimemuhoji mtu ngazini.

Sasa nije kwa chumvi. Bibi yangu mimi mwenyewe, mzaa mama, ana presha, na siku nyingi anaapa hatumii chumvi. Na hatumii, wallahi, kwenye meza yake hakuna kichupa cha chumvi, na fomu inauliza hivyo hivyo, je unaongeza chumvi kwenye chakula mezani? Jibu lake ni hapana na ni jibu la kweli. Nikaja kumtembelea siku moja namkuta anakula wali na mchuzi wa ng'onda, na pembeni kuna achari ya ndimu. Ng'onda jamani, samaki aliyepasuliwa akashindiliwa chumvi akaanikwa juani! Nikamwambia bibi na hii? Akaniambia hiyo ni samaki. Hakunidanganya. Mimi niliuliza kuhusu kichupa, yeye akajibu kuhusu kichupa.

Ndo maana wanaotaka kujua chumvi kwa uhakika hawaulizi mdomo, wanauliza mkojo. Sehemu kubwa sana ya sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, unayokula, karibu tisa kwa kumi, inatoka kwa mkojo, kwa hivyo ukikusanya wa masaa 24 unajua. Ule utafiti mkubwa wa INTERSALT uliotoka mwaka 1988 ulikusanya mikojo ya watu elfu kumi na ushei kutoka nchi 32, na Kenya tulikuemo, tena kati ya vituo vinne vya watu waliokua wakila chumvi kidogo zaidi duniani kimoja kilikua cha kwetu Kenya. Miaka hiyo hiyo watafiti waliwafuata Waluo waliohama kijijini kwenda Nairobi, wakaona ndani ya miezi michache presha yao inapanda na chumvi kwenye mkojo nayo imepanda. Hayo yote mkojo ulisema.

Tukajaribu na sisi kwa watu wachache. Msinichekeshe. Wewe mpe mtu wa Mombasa dumu umwambie weka mkojo wako wote wa kutwa humu nitakuja kuuchukua kesho nikaupime, kisha uone kama hajakuuliza wewe waupeleka kwa mganga gani. Mama mmoja alikataa katakata, akasema mtu akishakua na kitu chako ana wewe. Baba mmoja wa bandarini alikubali lakini hakutaka kwenda kazini na dumu mkononi, na mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku, basi akalitia kwenye kapu la mkewe la sokoni akafunika na gazeti. Alikuja na dumu limejaa vizuri, mtu muungwana. Wengine wanaleta dumu lina kikombe kimoja, ukiuliza, "nilisahau nikaenda chooni". Inabidi utupe hio sampuli, manake nusu ya mkojo itakuonyesha mtu wa nusu chumvi.

Kuna kipimo kingine cha wenye pesa. Unakunywa maji maalum yenye haidrojeni nzito na oksijeni nzito, alafu wanapima mkojo wako wiki mbili hivi. Haidrojeni inatoka na maji peke yake, oksijeni inatoka na maji na pia na pumzi, tofauti ya hizo mbili inawaambia umetoa hewa chafu kiasi gani, yaani mwili umechoma nguvu kiasi gani, na kama uzito wako haujabadilika basi ulichochoma ndo ulichokula. Walifanya hivyo Maryland, Marekani, mwaka 1999 hadi 2000 kwa watu 484, utafiti unaitwa OPEN, wakalinganisha na walichosema kwa mdomo. Wanaume kwa njia ya kuuliza jana walipunguza nguvu ya chakula chao kwa asilimia 12 hadi 14, kwa fomu ya kuuliza kawaida asilimia 31 hadi 36. Wanawake 16 hadi 20 kwa jana, na 34 hadi 38 kwa fomu. Theluthi nzima ya chakula imepotea kati ya tumbo na karatasi! Na wenye miili mikubwa hupunguza zaidi ya wembamba, kwa hivyo hata foleni haibaki sawa.

Niliposikia hizo namba nikasema Wamarekani hao, sisi hatuko hivyo. Nikaamua nijijaribu. Nikajaza fomu ya kawaida yangu mimi, mtu mwenye elimu ya lishe, natia alama vizuri, mboga kila siku, matunda mara tano, vya kukaanga mara moja kwa wiki. Kisha wiki mbili nikaandika daftarini kila kinachopita mdomoni, palepale kikipita. Sitawaambia yote. Vya kukaanga havikua mara moja kwa wiki, kulikua na siku moja tu kwa wiki ambayo havikuepo. Viazi karai vya steji ya matatu peke yake vilijaza ukurasa. Na wala sikua nadanganya nilipojaza ile fomu, nilikua najieleza yule mtu ninaedhani mimi ndie.

Lakini jana nayo haitoshi peke yake, hili watu wengi hawalijui. Ukimkuta mtu Jumamosi, jana yake ni Ijumaa, atakua na biriani, umkute siku baada ya harusi ndo kabisa. Kwa Mombasa nzima haidhuru, wa biriani na wa mkate mkavu wanachanganyika wastani unatoka sawa, mradi umegawa siku za wiki vizuri. Tatizo ni ukitaka kusema watu wangapi wana upungufu. Mtu aliyekula maini jana anaonekana ana vitamini A ya wiki nzima, aliyekula sima na mchicha kidogo anaonekana ni wa kulazwa, na wiki ijayo wangebadilishana. Kwa hivyo lazima urudi kwa watu, angalau baadhi yao, siku nyengine isiyofuatana na ya kwanza, ndo wale wa hesabu wapate kutenganisha tofauti ya mtu na mtu na tofauti ya siku na siku. Wenye pesa za utafiti hawapendi kusikia kurudi. Nauli, posho, na watu wenyewe wamechoka, "si ulikuja juzi wewe?"

Mimi hua napenda kurudi. Yule bibi wa Majengo nilipangiwa tena kwenye ile projekti ya jana, tena mwezi wa saba, kusi imekolea. Nikapita siku moja kabla kumpelekea bakuli na sahani, shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, akanikalisha, tukazungumza. Kesho yake nikaja na tableti. Jana yake ilikua uji, mahamri, kunde na sima, samaki hakuna, akalisema hilo kwa sauti ya ushindi. Nilipomaliza akaniambia haya zamu yako, na wewe jana ulikula nini?

Nikaanza, "Mimi bibi kwa kawaida asubuhi..."

"Kawaida nimekuuliza nani?"

Basi nikajirudi, chai ya maziwa, chapati moja, mchana wali na maharagwe, jioni ndizi mbivu moja, usiku mkate wa kumimina kipande na chai. Nikamwambia ni hayo tu.

"Fikiri tena."

Nikafikiri. Ni hayo tu bibi.

"Na yale mahamri mawili uliyokula hapa ulipokuja kuniletea bakuli," akasema, "yalikwenda wapi?"